Riba ya Maji Isiyokatwa Kodi

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya miaka 10, ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Deni hilo hulipwa kwa mapato ya maji, yaani kwa senti za mama afunguaye bomba. Na riba yake haikatwi kodi ya mapato.

Mzee mmoja mfuga nyuki hapa Mitundu aliniuliza: "Mwalimu, mazao yetu yanatozwa ushuru, mbona mwenye mamilioni aliyekaa kivulini haguswi?" Swali la haki kabisa. Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kupiga hesabu kwanza.

Riba ya akiba ya mtu wa kawaida benki hukatwa asilimia 10. Hatifungani ya Tanga nayo ingekatwa hivyo, mnunuzi angedai asilimia 15 ili abaki na 13.5 yake. Tofauti hiyo ya 1.5, juu ya bilioni 53.12, ni karibu shilingi milioni 797 kila mwaka, na zingetoka kwenye ankara za maji. Basi msamaha huu, kwa sehemu hiyo, ni wa mnywaji wa maji. Nilirudi nikamweleza mzee, akatikisa kichwa, akasema, "Endelea."

Kuendelea ndiko kwenye uchungu. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida yake. Katika riba ya shilingi milioni 100, mtu binafsi husamehewa milioni 10, kampuni milioni 30. Riba ya 13.5 ilitosha kumvuta mtu wa asilimia 10. Ile milioni 20 ya ziada haimpunguzii mama ankara hata senti moja. Hazina inaikosa, tajiri anaibeba. Marekani wamesamehe riba za namna hii tangu mwaka 1913, na hata huko hoja hiihii haijaisha.

Sisemi msamaha ufutwe. Siku Singida nayo itakapotaka kukopa kwa ajili ya maji, wananchi watangaziwe kwanza riba imeshuka kiasi gani kwa sababu ya msamaha. Waraka wa mauzo uandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, na fungu moja litengwe kwa wakulima, linunuliwe kupitia vyama vyao vya ushirika kabla kampuni hazijafunguliwa mlango. Mzee yule ameniambia fedha za asali anazo.