Jumuiya ya Afrika Mashariki: Ahadi Zinavunjikia Mpakani



Katika familia zetu si ajabu kukuta shangazi yuko Mombasa, mjomba yuko Tanga, kijana anasoma Kampala na mkwe katokea Bujumbura. Kwa hiyo mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanatugusa nyumbani, ingawa wengi wetu tunayaona kuwa ni ya wakubwa wanaokutana Arusha.

Tuanze na historia, maana vijana wetu hawakuikuta. Jumuiya ya kwanza iliundwa mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania. Zilikuwa na shirika moja la reli, moja la bandari, moja la posta na moja la ndege. Mwaka 1977 yote yakavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Wengi wanamtupia lawama Idi Amin, kwani baada ya mapinduzi yake ya 1971 Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Hilo ni kweli, lakini si lote. Mkataba mpya, uliosainiwa tarehe 30 Novemba 1999, wenyewe unataja sababu za kuvunjika: utashi mdogo wa kisiasa, wananchi na wafanyabiashara kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kutogawanywa kwa uwiano mzuri.

Je, tumejifunza?

Kwa idadi tumekua. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake 2024. Sasa ni nchi nane. Umoja wa Forodha ulianza 2005 na Soko la Pamoja 2010. Sarafu moja ilipangwa iwe tayari 2024; mwaka huo umepita na msafiri bado anabadilisha fedha mpakani.

Lakini tazameni yaliyotokea huku tukiongezeka. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna kati yake na Uganda, ukaja kufunguliwa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo ufundi wa simu na uwakala wa fedha kwa simu, na Kenya ikalalamika.

Tuwe waadilifu: kila serikali ilikuwa na sababu zake. Sumukuvu inaua, magonjwa ya kuku yapo, usalama si mchezo, na mmachinga anayeona mgeni kachukua nafasi yake sokoni ana haki ya kusikilizwa. Tatizo ni namna ya kuamua. Nchi moja inatoa amri, na lori la jirani liko njiani limeshapakiwa. Wakubwa watakutana baadaye na kupeana mikono, lakini mama aliyekopa mtaji wa magunia kumi hana wa kumlipa.

Wako wanaosema dawa ni kuharakisha shirikisho la kisiasa, tuwe na rais mmoja. Mimi sikubaliani nao. Tusioweza kupitisha gunia la mahindi bila ugomvi tutawezaje kugawana ikulu? Kabla ya kukaribisha mwanachama mwingine, tutimize kwanza tuliyoyasaini. Na nchi yenye hofu ya kweli iwaeleze majirani mapema, ikae nao, na itoe muda kabla ya kufunga mlango.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Kwanza, tujue haki zetu. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupata mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na asitozwe ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ukaguzi wa afya vinabaki, lakini wangapi wanapita njia za panya kwa kutojua hata hilo? Pia mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishitaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iwapo imekiuka Mkataba, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili. Wanafunzi wetu wa sheria walifahamu hili, wawasaidie wasiojua.

Pili, wazazi tuchunge ndimi zetu. Mtoto anayesikia kila siku nyumbani kwamba watu wa nchi fulani ni wezi na wa nchi fulani ni wavivu, kesho ndiye atakayekuwa ofisa wa mpakani.

Dini yetu imetuusia kutimiza ahadi na kuchunga haki ya jirani. Usia huo haukomei kwenye uzio wa nyumba zetu, na viongozi tunaowachagua tuwaulize kuhusu hilo wanapokuja kuomba kura.

Wabillahi tawfiq.