Binti asiyesema na baba yake

Filamu ya The Irishman ya Martin Scorsese ilipotoka mwaka 2019, lalamiko kubwa la watazamaji lilikuwa urefu wake: saa 3 na dakika 29. Wapo walioigawa vipande wakaitazama kama tamthilia, kwa siku kadhaa. Scorsese mwenyewe aliomba watu wasiitazame kwenye simu, ombi gumu kwa mzazi ambaye simu ndiyo sinema yake, tena watoto wakishalala.

Lalamiko la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Watu waliuliza kwa nini Anna Paquin, mwigizaji mwenye tuzo ya Oscar, apewe nafasi ya Peggy, binti wa mhusika mkuu, halafu aseme maneno machache tu katika filamu yote.

Naona ukimya ule una maana yake. Baba, Frank Sheeran (Robert De Niro), ni dereva wa lori anayegeuka muuaji wa mafia. Peggy akiwa mdogo anasukumwa na mwenye duka. Frank anamshika mtoto mkono, wanakwenda wote dukani, anampiga yule mtu mpaka nje, kisha anamkanyaga mkono. Kwa hesabu yake, amemlinda bintiye. Peggy amesimama pale, anatazama.

Mwaka 1975 Jimmy Hoffa, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha madereva wa malori na ambaye Peggy alimpenda sana, anatoweka. Binti anamuuliza baba kwa nini hajampigia simu mke wa Hoffa. Baba hana jibu la maana. Tangu hapo hawasemezani.

Uzeeni Frank anamfuata benki anakofanya kazi. Peggy anafunga dirisha lake na kuondoka. Frank anamweleza binti yake mwingine kwamba alitaka tu kuwalinda. Anajibiwa kwamba hajui wao waliishije: walikuwa na shida, wakashindwa kumwambia kwa kuogopa atakachofanya.

Sisi si majambazi. Lakini maneno "nafanya yote kwa ajili yenu" tunayajua. Na mtoto anayenyamaza baba au mama akiingia sebuleni husifiwa kuwa ana adabu. Huenda ni kweli. Huenda pia ameshaamua kwamba akionewa shuleni, wewe utakuwa wa mwisho kuambiwa.

Jiulize mara ya mwisho alikuletea shida yake lini. Kama hukumbuki, anza na jambo dogo: akikueleza kitu, msikilize mpaka amalize, kisha muulize angependa ufanye nini, kabla hujapandisha sauti au kumpigia mtu simu.

Filamu ina mauaji mengi, kwa hiyo watoto walale kwanza. Kuigawa vipande si vibaya. Ila msiruke nusu saa ya mwisho, pale mwendo unapopoa: mzee ameshajinunulia jeneza, yuko peke yake chumbani, anaomba mlango uachwe wazi kidogo.