Chinsaga si Chungu, Mpishi Ndiye Ana Haraka

Kama umepata kufika sokoni Nyacheki asubuhi mapema, bila shaka umeona mafungu ya chinsaga yamepangwa juu ya magunia, na akina mama wakiyanyunyizia maji yasinyauke. Wachuuzi hununua mafungu hayo yakapelekwa Kisii mjini na hata Nairobi, ambako mboga hii huitwa saga. Waswahili huiita mgagani. Biashara hiyo ni njema, kwa maana huleta fedha nyumbani, na mara nyingi fedha hiyo hushikwa na mama mwenyewe.

Lakini mfuate mama huyo mpaka kwake, ukafunue sufuria yake ya jioni. Mara nyingi utakuta kabichi, na kando yake birika la chai. Watoto wanakula ugali mweupe wa unga uliokobolewa, wakiuteremsha kwa chai. Chinsaga yote imekwenda zake Nairobi. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa: "Watoto hawaipendi. Ni chungu."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, nami naona ni kweli nusu tu. Jani la chinsaga lina uchungu wake, hakuna anayekana. Lakini wanachokataa watoto ni chinsaga iliyopikwa kwa haraka, yaani iliyokatwakatwa, ikatiwa katika mafuta na kitunguu, ikapakuliwa baada ya dakika chache kama sukuma wiki. Sukuma wiki huvumilia mapishi hayo. Chinsaga haivumilii.

Mwulize magokoro wako, yaani nyanya, alivyofanya yeye. Alichambua majani na ncha laini, akatupa mabua magumu. Aliosha mboga kabla ya kuikata, wala si baada, ili utamu wake usiende na maji. Aliitia katika chungu chenye maji kidogo yanayochemka, akafunika, akaacha moto wa taratibu ufanye kazi. Ilipolainika alitia maziwa. Kesho yake aliipasha tena mpaka ikachemka, akaongeza maziwa au malai. Siku ya pili au ya tatu uchungu umepungua sana, na mboga ina mchuzi mzito ambao mtoto huufuata kwa tonge mpaka mwisho wa sahani. Jambo moja tu la kuangalia: mboga iliyolala na maziwa sharti ifunikwe, iwekwe mahali pa baridi, na ichemke sawasawa kila inapopashwa. Isiwe vuguvugu tu.

Wako watakaosema ya kuwa kuchemsha sana huharibu vitamini C. Ni kweli, huiharibu. Lakini madini ya chuma na ya chokaa hayaharibiwi na moto, na mafuta yaliyomo katika maziwa husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika majani. Mimi naona heri mtoto ale bakuli zima la mboga iliyopungukiwa kidogo kuliko kuisukuma kando mboga yenye kila kitu. Vitamini C ataipata katika pera au papai baada ya chakula, na mapera yanaoza chini ya miti yetu kila mwaka.

Kama huna maziwa ya kutosha, changanya. Chinsaga ikipikwa pamoja na managu, au majani ya maboga, au enderema, uchungu hugawanyika. Mimi mwenyewe sipendi enderema peke yake kwa sababu ya utelezi wake, na tangu utoto wangu sikupata kuizoea. Lakini ndani ya chinsaga utelezi huo huwa faida, mboga hushuka vizuri na ugali. Basi usimlazimishe mtoto asiyependa kitu, mbadilishie mapishi kwanza.

Kwa nini nasumbuka hivi kwa ajili ya mboga moja? Wazee wa Gusii hawakuwa wajinga walipompa chinsaga mama aliyetoka kujifungua, na kijana aliyetoka kutahiriwa. Waliona ya kuwa mtu aliyepoteza damu huipata nguvu yake tena. Leo twajua sababu: jani hili lina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Mtoto aliyepungukiwa na damu huchoka upesi, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Mama mjamzito mwenye damu haba huingia katika hatari wakati wa kujifungua. Hayo ndiyo tunayoyauza asubuhi kwa fungu.

Sasa nageukia chai, na najua hapa nitawaudhi wengi, kwa maana katika vilima vyetu chai ndiyo inayolipa karo. Sisemi mtu asinywe chai. Nasema asiinywe pamoja na chakula cha mboga. Chai ina kitu kinachoshikamana na madini ya chuma ya mboga na nafaka, yakapita mwilini bila kufaa. Mama aweza kupika chinsaga vizuri kabisa, halafu kikombe kimoja cha chai nzito mezani kikaondoa sehemu kubwa ya faida yake. Chakula kiliwe kwanza. Chai ingoje kama saa moja. Na mtoto mdogo asipewe chai ya majani kabisa. Apewe maziwa, au maziwa lala, yale tunayoyaita amabere amaroranu, au uji wa wimbi.

Wimbi nayo imekuwa chakula cha wageni na wagonjwa, na hali obokima ya wimbi ndiyo iliyowalea babu zetu kabla mahindi hayajatapakaa. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno. Unga mweupe wa mahindi hauna hata sehemu ya kumi ya hizo. Kupalilia wimbi ni kazi ya kuvunja mgongo, nakubali, na ndege nao hawana huruma. Basi lima kipande kidogo tu, cha uji wa watoto.

Baba wa nyumbani asidhani maneno haya ni ya jikoni, hayamhusu. Ni nani anayeamua maziwa mangapi yaende kwa mnunuzi na mangapi yabaki? Nimeona nyumba zenye ng'ombe wawili wa gredi ambamo hakuna kikombe cha maziwa cha kutia katika mboga. Halafu baba huyo huyo husukuma sahani na kusema ya kuwa mkewe hajui kupika kama mama yake. Mama yako, bwana, aliachiwa maziwa.

Na tuseme kweli, lawama nyingine ni yetu sisi tunaofundisha wakulima. Kwa miaka mingi mafunzo ya kilimo yalisifu kabichi na mboga za kigeni, na chinsaga na managu zikahesabiwa karibu sawa na magugu. Ilihitaji wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kutumia miaka yao kuzichunguza mboga za kienyeji na mbegu zake, ndipo wengi wakaanza kuziheshimu. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuigwa. Heshima hiyo imefika mbali. Yafaa ifike na mezani kwetu.

Nashauri hivi. Tenga mistari miwili au mitatu ya chinsaga karibu na jiko, na iwe mwiko kuiuza, hata mchuuzi akipandisha bei. Chimba udongo uwe laini, changanya samadi iliyooza, toa mifereji isiyo ya kina, umbali wa kama sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Mbegu ni ndogo sana, basi ichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga, uifunike kwa udongo kidogo tu. Baada ya majuma manne mpaka sita utaanza kuchuma. Kila uonapo ua linachungulia, livunje, nayo itaendelea kutoa majani. Iache miche michache iliyo bora ikomae kwa mbegu. Mbegu hiyo usiipande mara moja, kwa sababu ikiwa mpya huota vibaya. Ikaushe kivulini, uiweke penye ukavu kama miezi mitatu au zaidi, uiandike tarehe usije ukasahau. Atakayeivuna mwezi huu atakuwa na mbegu nzuri mvua zijazo, na ya kumpa jirani kijiko kimoja.