Hesabu Mbili za Mahafali



Kila mwaka, mtihani wa mwezi wa Novemba unapokaribia, shule zetu za Bukoba na Muleba hufanya mahafali ya kidato cha nne. Nguo za heshima hutolewa sandukuni, ndizi na nyama hupikwa katika masufuria makubwa, na mgeni rasmi huketishwa kivulini. Kisha kijana mmoja husimama kuisoma risala ya wahitimu. Husimulia miaka minne: kuni walizobeba, maabara isiyo na vifaa, mvua iliyowakuta njiani, walimu waliokuwa wakali kwa mapenzi. Watu hucheka, na mama zetu hupiga vigelegele.

Sina ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wangu ni na sentensi moja iliyomo katika kila risala, nami naijua vema, maana nimeisahihisha kwa kalamu yangu mwenyewe: "Tulianza tukiwa kadha, leo tunahitimu kadha." Hesabu ya pili daima ni ndogo kuliko ya kwanza. Kisha hufuata maneno "utoro na sababu mbalimbali," na msomaji hugeuza ukurasa ili amwombe mgeni rasmi kompyuta.

Je, neno hilo utoro lina maana gani? Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliharibu vibaya majengo ya shule za Ihungo na Nyakato. Hakuna aliyesema kwamba kuta zile zilikuwa toro. Watu walizihesabu nyufa, michango ikatoka ndani na nje ya nchi, na Ihungo ikajengwa upya. Basi, ukuta ukianguka twaita mafundi, lakini mtoto akianguka twamwandika kwa wino mwekundu na kufunga daftari!

Nao twawajua walipo. Wavulana wengine wako visiwani, Bumbire na Goziba, wakivua na kuanika dagaa za watu wengine. Wasichana wengine wamechukuliwa Mwanza na Dar es Salaam kulea watoto wa matajiri, kwa ahadi ambazo mzazi hakuuliza zitatimizwa lini. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, hilo ni jambo jema, lakini sare, daftari, chakula cha mchana na safari ya mguu havikuondolewa.

Tena yuko binti aliyepata mimba. Huyo ndiye tumtajaye kwa sauti ya chini. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 yamtishia aliyempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Nasi vijijini twajua jinsi shauri lile linavyomalizwa jioni, nyuma ya nyumba, kwa fedha kidogo na mbuzi, na mashahidi wakapoteza kumbukumbu zao zote. Kisha Jumapili sote tuko kanisani. Na ikiwa aliyetenda ni mwanafunzi mwenzake, yamkini ameketi mstari wa mbele siku ya mahafali, shada la maua shingoni. Hesabu ilimpunguza mmoja tu kati ya wawili.

Zamani tulikuwa na udhuru. Tulisema serikali imekataza, na kweli wasichana hao walifukuzwa, na mwaka 2017 katazo lile lilitamkwa tena mbele ya taifa zima. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu alitangaza kwamba waliokatiza masomo, hata kwa mimba, waweza kurudi shuleni. Mlango uko wazi. Anayeuzuia sasa ni nani, kama si sisi walimu tunaoogopa maneno ya watu, na ninyi wazazi msemao kwamba amekwisha kula sehemu yake?

Wengine watanijibu: "Mwalimu, ukimrudisha huyo wasifia dhambi." Mbona hamkusema hivyo juu ya yule aliyetoa mbuzi? Na mchungaji wa Injili aliyewaacha kondoo tisini na tisa hakungoja kwanza kupima kosa la yule wa mia.

Ninaloomba ni dogo, wala halihitaji kamati. Kabla risala haijaandikwa, mwalimu wa darasa na achukue daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, aandike majina ya wasiokuwapo, ampelekee katekista au mwinjilisti na mwenyekiti wa kitongoji, waende nyumba kwa nyumba. Sehemu ya fedha ya nyama iwe nauli yao.

Mimi nimeanza. Katika darasa langu majina ni tisa. Wawili walihama kwa haki. Mmoja amefariki, nasi hatukumwombea hata siku moja. Binti mmoja ananyonyesha, naye aliponiona alijificha migombani. Nilingoja hata akatoka. Aliniuliza kama vitabu vyake bado vipo. Wa visiwani nitamfuata Jumamosi, mashua ikipatikana.