Kabla ya Kumwambia Mama Asubiri

"Litaondoka lenyewe." Hilo ndilo jibu wanalopewa mama wengi wanapomwonyesha mhudumu wa afya doa jekundu lililojitokeza kwenye ngozi ya mtoto mchanga. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni rahisi kulitoa bila kufikiri. Kwa watoto wengi doa hilo hunywea kweli. Kwa wachache, kungoja linywee ni kuhatarisha jicho, njia ya hewa au sura ya mtoto. Hoja yangu ni kwamba hatuna haki ya kumwambia mama asubiri kabla hatujamchunguza mtoto na kumpangia mama siku ya kurudi.

Uvimbe ninaouzungumzia ni hemanjioma ya utotoni, yaani uvimbe unaofanywa na mishipa midogo ya damu iliyokua kupita kiasi. Tafiti, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani, hukadiria kwamba huwapata watoto 4 hadi 5 katika kila 100. Wasichana, watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo huupata zaidi. Si saratani, wala hauambukizi. Hautokani na chakula alichokula mama wala kitu alichokitazama akiwa mjamzito. Mama asibebeshwe lawama isiyo yake.

Ili tuelewe kwa nini muda una uzito katika ugonjwa huu, tutazame seli zenyewe. Kila mshipa wa damu umetandazwa kwa ndani na safu moja ya seli bapa ziitwazo seli za endotheli. Mtoto akiwa tumboni, seli tangulizi hukusanyika na kujenga mishipa ya kwanza, kisha mishipa mipya huchipuza kutoka kwenye ile iliyopo. Baada ya kuzaliwa, kazi hiyo hupungua na hatimaye hutulia, ikaamka tena panapohitajika, kama vile kidonda kinapopona. Katika hemanjioma, ujenzi huo huendelea mahali pasipohitaji mishipa. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walieleza jinsi walivyotenga seli shina kutoka kwenye uvimbe huo na kuzipandikiza kwa panya wasio na kinga ya mwili. Kwanza seli hizo zilijenga mishipa ya damu. Baadaye zikafanya mafuta. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto: uvimbe hujaa damu, kisha hunywea, na mara nyingine huacha mafuta na ngozi iliyolegea. Kwa hiyo, "kuondoka" si sawa na kurudi kama awali.

Safari hiyo ina kalenda yake. Wakati wa kuzaliwa, uvimbe haupo au ni alama hafifu tu. Ukuaji huenda kasi zaidi kati ya wiki ya 5 na ya 8, na kufikia umri wa miezi 3 sehemu kubwa ya hemanjioma za juu ya ngozi huwa zimefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wake wa mwisho. Kunywea huanza karibu na umri wa mwaka 1 na huendelea polepole kwa miaka kadhaa. Tazama basi hesabu hii: uvimbe hukua kwa wiki, nasi tunamwambia mama asubiri kwa miaka. Madhara yakishatokea, muda wa kuyazuia umekwishapita. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Nchini Tanzania na Kenya, mtoto huletwa kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ratiba hiyo haikupangwa kwa ajili ya hemanjioma, lakini inaangukia palepale uvimbe unapokua kwa kasi. Hatuhitaji kuanzisha kliniki mpya. Tunahitaji jozi ya macho katika kliniki tuliyonayo.

Najua nitakavyojibiwa. Muuguzi aliye peke yake, mwenye foleni ya kina mama hadi nje ya mlango, ataupata wapi muda? Jibu langu ni kwamba mtoto tayari hupunguzwa nguo ili apimwe uzito. Kumtazama usoni, shingoni, mgongoni na chini ya nepi ni jambo la dakika moja. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kufifia, na uvimbe uliojificha chini ya ngozi huonekana wa buluu au hauna rangi ya pekee. Hivyo, mkono nao upapase. Kinachoonekana kiandikwe kwenye kadi: mahali kilipo, upana wake kwa sentimita, na tarehe. Bila kipimo cha leo, atakayemwona mtoto baada ya wiki 4 hatajua kama uvimbe umekua.

Baadhi ya watoto wasisubiri hata wiki hizo 4. Uvimbe ulio karibu na jicho unaweza kuziba mboni au kukandamiza jicho. Ubongo wa mtoto, unaojifunza kuona katika miezi hiyo, huacha kulitegemea jicho hilo, na hasara ikabaki hata uvimbe ukinywea. Uvimbe ulioenea kidevuni, tayani na mbele ya shingo unaweza kuambatana na mwingine ndani ya njia ya hewa. Mtoto akitoa sauti ya kukoroma anapovuta pumzi, hiyo ni dharura. Uvimbe mkubwa usoni huhitaji uchunguzi wa mishipa ya ubongo, moyo na macho. Ulio katikati ya kiuno kwa nyuma huhitaji uchunguzi wa uti wa mgongo. Mwenye hemanjioma 5 au zaidi kwenye ngozi apimwe ini kwa ultrasaundi. Ulio mdomoni, puani au uliochubuka na kuwa kidonda nao upewe rufaa mapema. Na doa bapa lililokuwepo wazi tangu kuzaliwa, linalokua kwa kadiri mtoto anavyokua tu, huenda si hemanjioma kabisa bali ni kasoro ya umbo la mishipa, ambayo hainywei. Kumwambia mama huyo asubiri ni kumpa ahadi isiyo na msingi.

Zamani kusubiri kulikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa dawa zilizokuwepo zilikuwa na madhara mazito. Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kwamba mtoto waliyempa propranololi kwa ajili ya tatizo la moyo alianza kubadilika siku iliyofuata: hemanjioma yake ililainika na wekundu wake ukafifia. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto wachanga 460. Kati ya waliopewa dozi ya miligramu 3 kwa kilo kwa siku kwa miezi 6, asilimia 60 uvimbe uliisha au ulikaribia kuisha. Kwa waliopewa dawa bandia ilikuwa asilimia 4. Dawa yenyewe ni ya tangu miaka ya 1960.

Sisemi kwamba kila mtoto apewe dawa. Wengi hawaihitaji, na propranololi si ya kuchezea: inaweza kushusha sukari ya damu na mapigo ya moyo, na kubana pumzi. Huanzishwa na daktari baada ya uchunguzi, dozi ikipimwa kwa uzito, na hutolewa mtoto anaponyonya au mara baada ya kunyonya. Mtoto akikataa kunyonya, akitapika au akibanwa kifua, dozi isimamishwe na daktari aulizwe. Kidonge cha mtu mzima kisikatwe nyumbani kwa kukadiria. Kuchanja uvimbe, kuuchoma au kuupaka dawa kali huleta damu, maambukizi na kovu.

Wataalamu wa rufaa wapo, ingawa hawatoshi. Kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990. Rufaa ya mapema kwao ina faida kuliko rufaa ya mtoto wa miaka 2 mwenye jicho lililokwishadhurika.

Kwenu wazazi: piga picha ya doa kila wiki, ukiweka rula kando yake, na uje nazo kliniki. Ukiambiwa usubiri, uliza maswali mawili: nisubiri hadi tarehe gani, na nikiona nini nirudi kabla ya hapo? Mhudumu aliyemchunguza mtoto wako atakuwa na majibu.