Vinanda Vimerudi, Mwenzao Hayumo

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini asili ya mwanamuziki ni ipi? Swali hili limenikaa moyoni kila nisikilizapo "Music Complete", santuri ya kundi la New Order la Manchester, Uingereza, iliyotolewa Septemba 2015. Ilikuwa kazi yao ya kwanza ya nyimbo zilizotungwa upya baada ya miaka kumi. Ndani yake magitaa yamesogezwa kando, vinanda vya umeme na ngoma za mitambo zikapewa kiti cha mbele. Asiyewajua angesema wazee hawa wanafuata upepo wa vijana.

La hasha! Kundi hili lilianza mwaka 1976 likaja kujulikana kama Joy Division, miongoni mwa makundi yaliyotoka katika vurugu za panki na kuzigeuza kuwa muziki mzito wa majonzi. Mtunzi na mwimbaji wao, Ian Curtis, alifariki Mei 18, 1980, akiwa na umri wa miaka 23, kundi likiwa tayari kwa safari ya Marekani. Walikuwa wamepatana kwamba akitoka mmoja wao, jina lile lisitumike tena. Wakatimiza ahadi. Bernard Sumner, Peter Hook na Stephen Morris wakajiita New Order, wakamwongeza Gillian Gilbert kwenye kinanda. Mwaka 1983 wakatoa "Blue Monday", wimbo wa zaidi ya dakika saba uliojengwa juu ya mitambo, na santuri yake ya inchi 12 ikauzwa kuliko nyingine yoyote ya aina hiyo. Basi mitambo ndiyo asili yao. Waliposhika zaidi magitaa katika kazi za 2001 na 2005, hapo ndipo walipokuwa ugenini.

Kurejea huko kulisaidiwa na Gilbert, aliyerudi kundini mwaka 2011 baada ya kukaa pembeni takriban miaka kumi. Tom Rowlands wa Chemical Brothers naye alisimamia nyimbo mbili. Wasikilizaji waliridhika, kwani santuri ilifika nafasi ya pili nchini Uingereza.

Hata hivyo, kuna pengo. Peter Hook hayumo. Huyu ndiye aliyelifanya gitaa la besi liimbe kwa sauti ya juu, badala ya kunguruma chini kama ilivyo desturi. Alitoka mwaka 2007. Wenzake walipoungana tena mwaka 2011 bila yeye, hawakubadili jina. Hook akawashtaki mwaka 2015 kuhusu jina hilo na mapato yake, na suluhu haikupatikana hadi Septemba 2017.

Nionavyo mimi, ugomvi huu una uzito kuliko habari ya vinanda na magitaa. Mwaka 1980 mmoja alipoondoka, jina liliondoka naye. Mwaka 2011 mmoja hayupo, na jina limebaki. Wako watakaonijibu kwamba Curtis alitwaliwa na mauti, ilhali Hook alitoka kwa miguu yake. Ni kweli, tena walioendelea kulima shamba wana haki ya kuvuna. Lakini jina lile lilijengwa na mikono ya Hook pia, na msikilizaji anayelinunua hununua jasho lake vilevile. Aliyetoka huacha kazi, haachi haki.

Muziki wa "Music Complete" ni mzuri, nami siuonei haya kuusifu. Mitambo haikuwatia utumwani. Ila chuoni tulifunzwa kwamba wanaopatana katika mali waandikiane, tena mbele ya mashahidi. Vijana wetu wanaounda makundi leo, wakiwa marafiki wa chanda na pete, na waandikiane kungali mapema: jina ni la nani, na anayetoka atoke na nini. Mapenzi yakishaisha, kalamu huwa nzito mkononi.