Bamvua, mpingo na wageni wetu

Wiki hii mwezi umekuwa mpevu, kwa hiyo ni bamvua. Bahari imekupwa mpaka miamba ikabaki wazi, na kina mama wa vijiji vya Kilwa wameshuka na fimbo zao kutafuta pweza. Mtumishi aliyehamishiwa Kilwa Masoko kutoka bara ajue jambo hili: mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku za bamvua, wanawake hawafiki, maana saa hizo ndipo maji yametoka. Kila ofisi ya wilaya ya pwani ingebandika ukutani jedwali la maji kupwa na kujaa.

*

Pweza jike hutaga mara moja maishani. Huyaatamia mayai pangoni bila kula, yakianguliwa hufa. Watu wa kisiwa cha Songo Songo wamewahi kuufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue na wazae kabla ya kuvuliwa. Kusubiri kunauma kwa anayekula alichovua leo, nami nawaheshimu sana kwa hilo.

*

Mti wa mpingo nao huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Anayeuotesha hauvuni. Hutumika kutengeneza klarineti Ulaya, na Wamakonde huuchonga vinyago. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini ikawa fupi na magogo yakazidi kutoka misitu ya Kilwa na Lindi. Wenyeji waliijua misitu ile kwa majina, dawa na matambiko, lakini ujuzi huo peke yake haukuzuia msumeno. Kilichosaidia ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyokipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kupanga uvunaji na kubaki na mapato. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Wanaosifu mapenzi ya mwenyeji kwa maumbile waanzie hapo: nani ana haki ya kusema hapana?

*

Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007 waliletwa Lindi na Kilwa, na ugomvi wa mashamba ukafuata. Nao wanaijua ardhi, ila ni ardhi nyingine. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake, mfugaji akae kwenye kamati pamoja na mkulima, aonyeshe mwenyewe ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa maji.